Kabla Tyra Hajagonga Msumari

Siku Tyra alipoondoka, Joar alikuwa amenunua kamba wa mtoni. Ulikuwa mwezi wa Agosti, na Uppsala nzima ilinukia shibiti, kwa sababu kila nyumba ilikuwa ikichemsha kamba wake. Joar alipanda ngazi za jengo lao mtaa wa Luthagen akiwa na mfuko mkono huu na mkate mkono ule, akagonga mlango kwa kiwiko. Alizoea kusikia sauti ya Tyra kutoka ndani: "Nani? Kama ni mtu wa Småland, aache viatu nje na pochi aingie nayo!" Siku hiyo hakusikia kitu. Aliweka mkate sakafuni, akatafuta ufunguo.

Koti la mvua la manjano halikuwepo kwenye ndoano. Viatu vya Tyra havikuwepo. Kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri, kikiwa na mto mmoja tu. Kilichomuumiza Joar ni kwamba hakushangaa. Alikaa jikoni, kamba wakikwaruza karatasi ndani ya mfuko, akaona haya kama mtu aliyefumaniwa, ingawa hapakuwa na mtu wa kumwona.

Alijua kwa nini mpenzi wake ameondoka. Tyra mwenyewe ndiye hakujua sababu yote.

Walikutana mwaka uliotangulia, siku ya mwisho ya Aprili, siku ambayo mji ule huanza kunywa tangu asubuhi kwa furaha ya kuagana na baridi. Kingo za mto Fyris zilijaa watu. Wanafunzi waliteremka na maji juu ya vyelezo walivyojiundia wenyewe, na kila chelezo kilipopinduka umati ulipiga yowe la shangwe. Joar, aliyekuwa amehamia mjini wiki hiyo, alirudi nyuma kumpisha mama mwenye kigari cha mtoto, akakanyaga kitu laini.

"Wewe! Hiyo ni kofia yangu!"

Aligeuka. Msichana mrefu alisimama mbele yake, koti la manjano limefunguliwa vifungo, nywele nyekundu zimelowa manyunyu, mkononi kipande cha mkate na samaki wa siki. Chini ya kiatu cha Joar ilikuwepo kofia nyeupe, ile ambayo kila mhitimu wa sekondari huivaa siku hiyo kwa majivuno.

"Samahani sana, dada. Nitaifua."

"Hii haifuliwi, bwana. Umekanyaga sekondari yangu yote, na hesabu ndani yake."

"Basi nitakununulia nyingine."

"Wewe ni wa wapi?"

"Småland."

Msichana akawageukia wenzake. "Jamani, njooni mshuhudie! Mtu wa Småland kasema atanunua kitu!" Wote wakaangua kicheko, maana watu wa Småland, mkoa wa kusini, wamesingiziwa ubahili tangu enzi za mababu. Joar naye akacheka, masikio yamemwiva. Kabla hajapata la kujibu, umati ulimsukuma msichana upande wa daraja akapotea.

Jumatatu Joar aliripoti kazini, idara ya fizikia. Saa ya kahawa aliingizwa kwenye chumba ambamo watu wote wa ujia ule, kuanzia profesa hadi fundi, hukaa meza moja wakila mikate ya mdalasini. Kiti cha mwisho kilikuwa kando ya koti la manjano.

"Mama wee," alisema Tyra. "Mkanyagaji kofia."

Alimweleza kazi yake siku hiyo hiyo, kwa kutumia vibonge vya sukari.

"Hawa ni marafiki watatu. Kila mmoja anataka kukaa upande tofauti na mwenzake. Meza ina pande mbili. Wa kwanza huku, wa pili kule. Haya, wa tatu akae wapi?"

"Popote atakapokaa atamuudhi mmoja."

"Ndiyo hayo. Ndani ya kipande changu cha shaba nimechanganya chembe za manganizi, na kila chembe ni kijisumaku. Wako wengi ajabu, na hakuna namna ya kuwaridhisha wote. Ukiwapoza, wanaganda wamenuna hivyo hivyo. Lakini hawatulii. Ukisimama njiani kwenye baridi fulani ukasubiri, wanaanza kuzoeana polepole. Wanazeeka. Ukiendelea kuwapoza, wanakuwa kama vijana tena, utadhani hawakusubiri popote. Sasa sikia uhondo." Alimsogelea, sauti ikashuka kama anayemsengenya jirani. "Ukiwapasha joto taratibu, wakifika pale pale uliposubiri, wanakumbuka. Kwenye mchoro wa vipimo linatokea bonde dogo, mahali pale pale."

"Na ukiwapasha zaidi?"

"Ukivuka mpaka wa kuganda, basi. Wanasahau kila kitu. Unaanza upya." Alikitia kibonge cha tatu kwenye kikombe cha Joar. "Huyu mpe wewe nafasi."

Kiangazi kile walikuwa wakiogelea pamoja, vuli wakahamia nyumba moja. Tyra alimwita "mzee wa Småland", Joar akamwita "koti langu". Walipigiana simu kutoka ghorofa moja hadi nyingine ya jengo lile lile, simu za wakati ule zenye antena, kuulizana tu nani atapika.

Lile bonde Tyra alikuwa amelipata mara moja tu, kubwa na safi kuliko yote, baada ya kukisubirisha kipande chake muda mrefu kuliko mtu yeyote aliyemfahamu. Ilikuwa ndiyo sura kuu ya tasnifu yake. Profesa Gunvor, mama wa maneno machache, alilitazama akasema, "Zuri. Nionyeshe tena." Basi Tyra akaanza kusubiri upya, na kusubiri huko kukaangukia sikukuu ya katikati ya kiangazi cha mwaka uliofuata, ambapo nchi nzima hutoka mijini na bibi yake huko Hälsingland hakubali udhuru.

"Kazi yako ni moja," alimwambia Joar mlangoni, begi begani. "Jioni ya sikukuu ongeza heliamu ya majimaji kwenye mtungi wa kupozea. Ikipungua, baridi inapotea. Usiponijazia nitakuacha, nakwambia mapema."

"Koti langu, nenda kacheze ngoma na bibi yako."

Joar alialikwa ziwani. Kulikuwa na viazi vipya, samaki wa siki, vigilasi vidogo vya pombe kali na nyimbo za kila kigilasi. Jioni ikaja, jua halikutaka kuzama, naye akajiambia ataondoka baada ya wimbo mmoja. Alifika maabara asubuhi iliyofuata, kichwa kikimgonga.

Mtungi ulikuwa mkavu. Kipimo kilionyesha kuwa kile kipande cha shaba kilikuwa kimepanda joto na kuuvuka mpaka wa kuganda zamani. Ule uzee wote uliokusanywa kwa subira ulikuwa umefutika.

Hakukaa kuwaza. Mikono yake ilijaza heliamu, ikateremsha baridi hadi nyuzi zile zile ambazo Tyra aliziacha. Sindano ya kipimo ikasimama pale pale. Kompyuta ya wakati ule haikuandika chochote mpaka kipimo chenyewe kianze. Kwa macho hapakuwa na tofauti yoyote. Joar alikuwa mtu wa kazi ile, alijua kwamba kipande kile hakikumbuki tena lolote, na kwamba hakuna jicho la kuligundua hilo. Akafunga mlango.

Tyra alirudi amechomwa na jua, akambusu, akaanza kupima. Bonde halikutokea. Palikuwa na kijishimo hafifu tu, kama alama ya kidole kwenye siagi.

"Joar, sikukuu kulitokea nini humu?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Alikuwa na kikombe mkononi, na Gunvor alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Laiti Gunvor asingekuwepo, alijiambia baadaye, ingawa alijua kuwa angedanganya hata mbele ya ukuta.

"Hakuna kilichotokea. Labda kipimo chako cha kwanza ndicho kilikuwa na kasoro. Mtu akitamani sana kuona kitu, huwa anakiona."

Tyra alimtazama tu, halafu akautazama mchoro.

Kurudia hakukuwezekana. Julai nzima mtambo wa kuyeyusha heliamu huzimwa, watu wako likizo, na kiwanda cha uchapaji kilitaka kurasa mwanzoni mwa Septemba. Kiangazi kile Tyra alipunguza maneno. Alikuwa akizipitia karatasi zake za zamani, moja moja, kama mtu anayekagua noti akishuku ni bandia. Joar alipika, akaosha vyombo, akamnunulia stroberi, akawa mwema kupita kiasi. Kila wema aliutenda akiona haya zaidi.

Ndipo akaja na kamba wa mtoni, akakuta mto mmoja.

Alipiga simu Gävle, kwa Siv, dada yake Tyra.

"Ahaa, mzee wa Småland," alisema Siv. "Leo umekubali gharama za simu ya mbali?"

"Siv, tafadhali. Yupo?"

"Yupo. Kalala kwenye kochi langu amejifunika hadi kichwa. Umemfanya nini mdogo wangu?"

"Nipe niongee naye."

Palipita mchakacho, halafu pumzi aliyoijua.

"Sema," alisema Tyra.

"Koti langu, rudi nyumbani. Nimenunua kamba."

"Kamba," alirudia Tyra. "Joar, sikukasirika kwa sababu ya bonde. Vipimo hukataa. Nimeondoka kwa sababu unaishi na mtu unayeona anajidanganya, na huna hata huzuni juu yake. Unanioshea-oshea vyombo kama mgonjwa. Unaniamini au huniamini?"

"Nakuamini."

"Basi kwa nini ulisema vile?"

Neno lilikuja hadi kwenye meno. Joar akasikia maji ya sufuria yakifoka, akasikia saa ya ukutani, akajisikia yeye mwenyewe akisema, "Nilikuwa nimechoka."

"Haya," alisema Tyra, na simu ikakatwa.

Kamba aliwatupa. Siku zile zote alikwenda kazini akikwepa kioo cha bafuni.

Mwishoni mwa Septemba, kwenye kahawa ya asubuhi, fundi Sixten alichovya mkate wake akasema, "Leo mchana Tyra anagongelea."

Huko Uppsala tasnifu haitangazwi kwa mdomo. Wiki chache kabla ya kuitetea, mwenyewe huichukua nyundo, mbele ya wenzake, akaipigilia msumari kwenye ubao wa chuo. Ikishagongelewa ni mali ya watu wote. Hairudishwi nyumbani kusahihishwa.

"Na sura ya bonde?" aliuliza Joar.

"Kaiondoa," alisema Gunvor bila kuinua macho. "Ameandika utangulizi unaosema tokeo la awali halikuthibitika. Nilimwambia si lazima ajichape hivyo. Alisema anataka iwepo kwa maandishi kwamba alikosea." Akapiga funda. "Sijawahi kumwona mwanafunzi mwenye macho makali kama yale akiyakana mwenyewe."

Joar aliinuka. Kikombe kilibaki mezani, naye akazunguka kando ya mto hadi mchana.

Ukumbini watu walikuwa wamekwisha kukusanyika na vikombe vyao, wengine na maua. Tyra alisimama mbele ya ubao. Alivaa gauni la buluu iliyoiva, la kola nyeupe, ambalo Joar hakuwahi kuliona. Huenda lilikuwa la Siv, maana mabega yalikuwa mapana. Tyra alikuwa amekonda. Kitabu chake chembamba kilikuwa kimetobolewa pembeni na kutiwa uzi. Mkono mmoja ulishika msumari, mwingine nyundo. Siv alikuwa karibu naye ameshika koti la manjano.

Nyundo iliinuliwa.

"Tyra, ngoja."

Watu wote waligeuka. Joar aliona nyuso za ujia mzima: Sixten, Gunvor, wanafunzi wapya ambao aliwafundisha kuandika vipimo kwa uaminifu. Laiti ardhi ingepasuka. Haikupasuka.

"Joar, si hapa," alisema Tyra taratibu. "Tutaongea baadaye."

"Ni hapa. Ukishagonga itakuwa nimechelewa." Sauti yake ilikuwa nyembamba kama ya mtu mwingine. "Mtungi ulikauka. Sikukuu ile. Sikuja jioni, nilikuja asubuhi yake, kipande kilikuwa kimevuka mpaka. Nilijaza nikakirudisha baridini, nikanyamaza. Bonde lako la kwanza lilikuwa la kweli. Hakuna kilichokuwa na kasoro ila mimi."

Mtu mmoja aliweka kikombe kwenye dirisha, na mlio wake ukasikika ukumbi mzima.

"Mshenzi wee," alisema Siv.

Tyra hakumtazama dada yake. "Kilivuka kwa kiasi gani?"

"Sijui. Nilipofika kilikuwa juu sana."

"Sana?"

"Sana."

Aliitikia kwa kichwa, polepole, kama anayejumlisha hesabu ndefu. Rangi ikampanda shingoni. "Na nilipokuuliza, ulijua?"

"Nilijua."

"Uliponiambia kwamba mtu akitamani huona, ulijua kwamba niliona?"

"Ndiyo."

"Kiangazi kizima."

"Ndiyo, Tyra. Kiangazi kizima."

Tyra alimpa Gunvor nyundo, akamwekea msumari kiganjani kama anayemrudishia chenji, akachukua koti lake mikononi mwa Siv. Alipompita Joar alisimama kidogo. Joar alidhani atampiga, na angeshukuru. Hakumpiga. Alitoka nje kwenye mvua, kitabu kikiwa kifuani.

Ofisi ya Gunvor ilikuwa wazi alasiri ile. "Utetezi umeahirishwa," alimwambia Joar. "Atarudia kipimo. Wewe hutakanyaga chumba kile mpaka yeye aseme." Kisha akaongeza, "Nenda ukanywe kahawa. Watu wanakungoja."

Hayo ndiyo yalikuwa magumu kuliko yote. Hakuna aliyemkaripia. Walisogea kumpa nafasi, wakamsukumia bakuli la mikate kama kawaida, wakazungumzia mvua. Joar alitafuna mkate. Angependelea wamrukie kwa matusi kuliko upole ule.

Vuli iliingia, majani ya Luthagen yakaanguka. Tyra alikuwa akija kwa treni kutoka Gävle na kujaza heliamu kwa mkono wake. Wakipishana kwenye ujia alimsalimia kwa kichwa. Joar hakumfuata. Alikuwa amejifunza angalau kusubiri.

Mchana mmoja simu yake ililia akiwa sokoni anapima vitunguu.

"Uko wapi?"

"Sokoni."

"Acha ulichoshika. Njoo."

Alikwenda kwa baiskeli, jasho likimtoka ndani ya sweta. Tyra alikuwa amekaa mbele ya kompyuta, miguu juu ya kiti, nywele kazibana kwa penseli. Hakugeuka. Alimwonyesha kigoda kwa kidole.

Nukta zilikuwa zikijitokeza moja moja kwenye kioo, kipande kile kikipashwa joto taratibu. Zilikwenda sawa, zikakwenda sawa, halafu moja ikashuka. Na ya pili. Na ya tatu chini zaidi. Kisha zikaanza kupanda upande wa pili, na pale katikati likabaki bonde, pana na safi, mahali pale pale.

Joar alifunika uso kwa mikono.

"Usinililie juu ya kibodi," alisema Tyra. Lakini sauti yake nayo haikuwa imara.

"Unaona, hata vijisumaku, baada ya baridi yote ile..."

"Joar. Ukithubutu kunifananisha na kipande cha shaba naenda zangu Gävle sasa hivi."

Nukta ziliendelea.

"Heliamu nilikusamehe siku ile ile ukumbini," alisema Tyra. "Kila mtu hulewa sikukuu. Ningekutukana, ukanipikia, yakaisha. Ile sentensi ndiyo siwezi kusema imekwisha. Nilikuwa naamka naogopa macho yangu mwenyewe. Unaelewa? Nilikuwa natazama maziwa najiuliza kama kweli ni meupe."

"Nifanye nini?"

"Sijui. Ningejua ningekuambia, mimi sina tabia ya kuficha." Akamtazama mara ya kwanza tangu aingie. "Umekonda, mzee. Hukuwa unakula?"

"Nilikula. Chakula hakikukaa."

"Vizuri," alisema, na hapakuwa na uovu ndani yake, wala huruma nyingi. Halafu akashusha miguu. "Siv anakoroma kama trekta. Nimechoka na lile kochi."

"Kitanda kipo."

"Najua kipo. Nusu yake niliinunua mimi. Mtu wa Småland angenunua chote?"

Joar alinyoosha mkono, akausimamisha katikati, hakujua kama anaruhusiwa. Tyra aliutazama mkono ule kitambo, kisha akauchukua akauweka gotini pake, chini ya mkono wake, akaendelea kuhesabu nukta.

Aliigongelea tasnifu mwanzoni mwa Desemba, sura ya bonde ikiwa katikati, kwa pigo moja. Wakati wa masika walioana kwenye ofisi ya mji, Siv akiwa shahidi, amenuna hadi keki ilipokatwa.

Bado wanaishi Luthagen. Ile sentensi hawajaitaja tena, wala Tyra wala Joar. Lakini Tyra akimuuliza mumewe kama amezima jiko, hata kama amelizima dakika hiyo hiyo, Joar huinuka, huenda jikoni kuangalia, ndipo anarudi na kujibu.